Hedifoni ya kwanza: lipia masikio, si jina

Bumu likiingia tu, safari ya Kariakoo inaanza. Mwaka wa kwanza nami nilienda, nikarudi na hedifoni zisizo na waya, jina kubwa, bei ya kutupa. Feki. Miezi miwili betri ikafa.

Lakini betri siyo hoja. Zile hedifoni zilikuwa hazizibi kelele za hosteli, kwa hiyo nikawa napandisha sauti hadi mwisho. Nikizivua usiku, masikio yanavuma. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 unaweza kusikiliza saa 40 kwa wiki. Ukifika 90, ni saa 4 tu. Na chembe za kusikia zikishakufa, hazioti tena.

Kwa hiyo, kama hela ni ya mawazo, chukua za waya, hela yako iende kwenye sauti badala ya betri. Chagua zinazoziba sikio sawasawa, zenye vimpira vya saizi tofauti. Waya ukiwa wa kuchomoa ni bora zaidi, maana waya ndio hufa kwanza. Hakikisha zinaingia kwenye simu yako. Jaribu palepale dukani kwa wimbo unaoujua, sauti nusu. Maneno yakisikika vizuri, lipa. Muuzaji akikataa usijaribu, ondoka.

Sisi wa ualimu kesho tutasimama mbele ya darasa lililojaa. Yule wa nyuma anayeuliza kwa woga, tutamsikia kwa masikio gani?