Bundi wa Pemba na Mashamba ya Mirathi

Ndugu zangu wa Houston, Dallas na Fort Worth,

Katika tuliyoyarithi kwa wazee wetu wa Pemba, mna lulu na mna makapi. Hofu ya bundi ni katika makapi.

Waarabu wa zama za Jahiliya waliitakidi kwamba kichwani mwa mtu aliyeuawa hutoka ndege aitwaye hama, akilia mpaka kisasi kilipwe. Mtume (s.a.w.) aliikanusha itikadi hiyo, kama walivyopokea Bukhari na Muslim. Hata hivyo, mpaka leo bundi akitua juu ya paa hufukuzwa kwa mawe, kwa kudaiwa kwamba amekuja kubashiri msiba.

Nacho kisiwa chetu kimejaaliwa bundi asiyepatikana penginepo duniani. Pakenham alimweleza kitaalamu mwaka 1937, na jina lake la kisayansi ni Otus pembaensis. Ni mdogo, hula wadudu, na hukaa katika msitu wa Ngezi na pia katika mikarafuu mikongwe, ambako hujisitiri ndani ya majani mazito. Kizazi chake hukitunza katika tundu za miti.

Hapo ndipo jambo linapotuhusu. Baadhi yetu tungali na mafungu katika mashamba ya mirathi. Jamaa wakituletea habari kwamba wanataka kukata na kuuza, hujibu kwa neno moja, "sawa", tusiulize ni mti gani utakaoanguka. Rai yangu ni kwamba kila mrithi aweke sharti: miti mikongwe yenye tundu ibaki. Atakayesema kwamba jamaa walioko huko wana dhiki, amesema kweli. Basi sisi tunaopokea mshahara wa dola tuwafidie thamani ya miti hiyo, badala ya kuwausia subira kutoka mbali.

Aidha, vijana wetu waendao likizo wasikifuate kiota kwa kurunzi wala kwa sauti za bundi zilizorekodiwa, ili wapate picha. Adabu hii inajulikana hapa tulipo. Katika kisiwa cha North Deer, kwenye ghuba ya Galveston, maelfu ya ndege wa majini hutaga, nao hutazamwa kwa darubini kutoka mashuani. Miongoni mwao ni mwari wa kahawia, ambao miaka ya 1960 walikaribia kutoweka Texas kwa sumu ya DDT. Sumu hiyo ilipigwa marufuku mwaka 1972, mazalio yao yakalindwa, na mwaka 2009 wakaondolewa katika orodha ya viumbe walio hatarini.

Sisi tulihama, na tulikofika tukapata riziki. Bundi wa Pemba hana kisiwa cha pili. Kwa hiyo, habari ya shamba itakapowafikia tena, kabla ya kujibu, ulizeni kwanza habari ya miti.