Fedha za tumbaku na shahada ya sheria ya Uingereza

Mwezi Julai humletea mkulima wa Tabora mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni masoko ya tumbaku, ambayo wakati huo huwa yamepamba moto Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui. La pili ni matokeo ya kidato cha sita. Mzazi ambaye mtoto wake amefanya vizuri katika masomo ya sanaa hujikuta ana fedha mkononi na kijana anayetaka kuwa mwanasheria. Hapo ndipo neno Uingereza linapoingia sebuleni, mara nyingi likiletwa na wakala mwenye vipeperushi vya rangi.

Wazo la kutoka Tabora kwenda kusoma ng'ambo si geni wala si la kuchekwa. Mwalimu Julius Nyerere aliondoka mjini humo mwaka 1949, akiwa mwalimu wa Shule ya St. Mary's, akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh na kurudi na shahada mwaka 1952. Sheria ya Katiba ilikuwa miongoni mwa masomo aliyosoma huko. Lakini wanaopenda kuutaja mfano huo huruka jambo moja. Alikwenda kwa msaada wa masomo wa Serikali, huku Padri Richard Walsh wa shule hiyo akisaidia kuupata. Hakuna aliyeuza shamba wala kundi la ng'ombe ili alipiwe ada.

Leo hesabu ni nyingine, na ni vyema ifanywe kwa kalamu na karatasi kabla ya barua yoyote kuandikwa.

Katika vyuo vya England kuna bei mbili za masomo yale yale. Mwanafunzi mwenyeji analindwa na kikomo kilichowekwa na serikali, ambacho kwa mwaka wa masomo 2025/26 kilikuwa pauni 9,535. Mwanafunzi wa kigeni hana kikomo. Chuo hupanga kinavyotaka, na kwa shahada ya kwanza ya sheria si ajabu kukuta ada ya pauni 20,000 kwa mwaka. Juu ya ada kuna fedha za kujikimu ambazo ofisi ya viza hutaka kuziona. Mwaka 2025 kiwango kilianza na pauni 1,136 kwa mwezi kwa anayesoma nje ya London, na zaidi kwa wa London, kwa hesabu ya miezi tisa. Viwango hivi hupandishwa mara kwa mara, kwa hiyo anayeomba aangalie cha mwaka wake.

Tuseme pauni moja ni shilingi 3,300. Ada ya mwaka wa kwanza pamoja na fedha hizo za kujikimu ni pauni 30,224, yaani karibu shilingi milioni 100. Tuseme tena tumbaku imenunuliwa kwa wastani wa dola mbili kwa kilo, na dola ni shilingi 2,500. Mkulima atahitaji kilo 20,000 ili kupata fedha hizo, kabla ya makato ya chama cha msingi, kabla ya deni la mbolea, kabla ya kuni za kukaushia na ujira wa vibarua. Na huo ni mwaka mmoja. Shahada ni ya miaka mitatu, hivyo jumla inakaribia milioni 300, nauli ya ndege ikiwa bado haijaguswa.

Ugumu mwingine, ambao mawakala wengi hawausemi mapema, ni namna fedha zenyewe zinavyotakiwa kukaa. Kwa utaratibu wa Uingereza, fedha za ada na za kujikimu lazima ziwe zimekaa benki siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango kinachotakiwa. Akaunti iwe ya mwanafunzi mwenyewe, au ya mzazi au mlezi wake kisheria, kwa barua ya ridhaa na cheti cha kuzaliwa. Fedha za mjomba hazihesabiwi. Za kaka mwenye duka Nzega hazihesabiwi. Mpunga ulioko ghalani, ng'ombe walioko zizini na marobota yanayosubiri mnunuzi ni mali halisi, lakini mbele ya afisa wa viza si kitu.

Sasa mkulima anajua fedha za tumbaku zinavyokuja. Huja kwa awamu, na zikichelewa huchelewa kweli. Zikifika kuna watu tayari wanazisubiri mlangoni. Kuzifungia benki siku 28 bila kugusa hata senti, katika mwezi ambao pembejeo za msimu ujao zinaagizwa, ni kazi ambayo familia nyingi haziiwezi. Wapo wanaokopa ili kujaza akaunti kisha warudishe. Huko ni kujitafutia matatizo, kwa sababu ada yenyewe inabaki palepale na haina wa kuilipa.

Wafanyabiashara wa njia ya zamani ya misafara wangeielewa hesabu hii upesi. Msafara uliotoka Bagamoyo kuelekea Tabora na kuendelea hadi Ujiji haukufungwa kwa bei ya pembe pekee. Mwenye msafara alihesabu nguo na shanga za posho, malipo ya wapagazi ambayo sehemu yake ilitolewa kabla ya safari, na hongo ya kila mtawala ambaye njia ilipita kwake, hasa Ugogo. Hongo wakati huo ilikuwa ushuru unaojulikana, haikuwa na maana mbaya iliyonayo leo. Aliyesahau kuihesabu alifika Unyanyembe mikono mitupu, na deni lake Unguja likimsubiri.

Njia ya kwenda kusoma ng'ambo nayo ina ushuru wake. Kuna ada ya viza, iliyofika pauni 524 mwaka 2025. Kuna malipo ya huduma ya afya, pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, ambayo hulipwa yote kwa mkupuo wakati wa kuomba, na kwa kozi ya miaka mitatu yanapita pauni 2,500. Viza ikikataliwa malipo ya afya hurudishwa, ada ya viza hairudi. Kuna mtihani wa Kiingereza, kuna kipimo cha kifua kikuu ambacho Watanzania wanaokwenda kwa zaidi ya miezi sita hutakiwa kukifanya, na kuna safari za basi au treni kwenda Dar es Salaam kwa kila moja ya mambo hayo. Chuo nacho hutaka malipo ya awali kabla ya kutoa barua ya kuombea viza. Mali bila daftari huisha bila habari, na hapa daftari linaanza kujaa kabla kijana hajaonja baridi ya huko.

Hata hivyo, fedha si hoja kubwa kuliko zote. Familia yenye uwezo inaweza kulipa yote hayo na bado ikawa imekosea, kwa sababu ya aina ya somo lenyewe.

Daktari anayesoma ng'ambo anasoma mwili wa binadamu, na figo ya Mnyamwezi na ya Mwingereza ni ile ile. Sheria si hivyo. Sheria ni mali ya nchi iliyoitunga. Shamba la Urambo na shamba la Yorkshire havifanani mbele ya hakimu. La Urambo liko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, lina halmashauri ya kijiji, lina baraza la ardhi la kijiji, na mwenyewe akitaka karatasi hupata hati ya hakimiliki ya kimila. Hakuna mhadhiri wa Leeds atakayefundisha hayo, na si kosa lake. Isitoshe, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Kijana aliyejifunza kila neno la kazi yake kwa Kiingereza cha London atarudi kuandika hati za Mahakama Kuu Tabora kwa lugha ambayo hakusomea.

Jambo hili liligunduliwa zamani. Kabla ya mwaka 1961 hapakuwa na kitivo cha sheria Tanganyika, na Mwafrika aliyetaka uwakili alilazimika kwenda London. Kamati iliyoongozwa na Jaji Lord Denning, iliyotoa taarifa yake mwaka 1961, ilikiri kwamba mafunzo hayo hayakuwa yanamfaa mtu anayerudi kufanya kazi Afrika, ikapendekeza kitivo kifunguliwe Dar es Salaam. Kilifunguliwa Oktoba mwaka huo huo, kikiwa na wanafunzi 14, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Waziri wa Sheria katika baraza la Uhuru alikuwa mtu wa Tabora, Chifu Abdallah Fundikira wa Unyanyembe, naye elimu yake ya juu aliipata Makerere. Ajabu ni kwamba zaidi ya miaka 60 baadaye wapo wazazi wanaotaka kurudia njia ambayo Waingereza wenyewe walisema haifai.

Aidha, shahada ya nje haimfanyi mtu wakili hapa wala kule. Kule, tangu mwaka 2021, anayetaka kuwa wakili wa aina ya 'solicitor' hufanya mitihani maalumu inayogharimu zaidi ya pauni 4,000 na kutimiza miaka miwili ya kazi inayokubalika. Hapa nyumbani shahada lazima itambuliwe kwanza na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kisha kuna Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Taasisi hiyo si mlango wa kupita kwa kunyoosha mkono. Matokeo yaliyozua mjadala mwaka 2022 yalionyesha kuwa kati ya wanafunzi 633 ni 26 tu waliofaulu moja kwa moja, hadi Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Waliotolewa jasho walikuwa wamesoma sheria ya Tanzania kwa miaka kadhaa. Anayekuja na sheria ya England atafanya mitihani hiyo hiyo.

Kwa wanaoitazama Marekani, ni vizuri wajue mapema kwamba huko sheria haisomwi na mtu aliyetoka kidato cha sita. Husomwa miaka mitatu baada ya kupata shahada nyingine, na Canada kwa sehemu kubwa hufuata mtindo huo. Wakala anayemwahidi kijana wa miaka 19 kwamba atakuwa mwanasheria wa Marekani baada ya miaka minne ama hajui kazi yake au anaijua sana. TCU husajili mawakala wanaopeleka wanafunzi nje, na mzazi ana haki ya kuuliza usajili huo kabla ya kutoa hata shilingi ya fomu.

Pamoja na hayo yote, mikoa ya magharibi inawahitaji watu waliosoma sheria ng'ambo, tena sana. Pamba ya Igunga ikishauzwa nje ya nchi, mkataba wake mara nyingi hufuata kanuni za chama cha biashara ya pamba kilichoko Liverpool, na ugomvi huamuliwa huko kwa sheria ya England. Tumbaku na asali navyo huvuka bahari kwa mikataba iliyoandikwa na upande wa pili. Serikali yenyewe imewahi kushtakiwa nje, kama ilivyokuwa katika shauri la kampuni ya maji ya Biwater lililoamuliwa mwaka 2008 na baraza la usuluhishi lililo chini ya Benki ya Dunia. Chama kikuu cha ushirika chenye mtu wake anayeisoma mikataba ya namna hiyo na kuielewa kitakuwa na nguvu mezani kuliko chenye maghala matatu mapya.

Ila mtu huyo ni yule aliyekwisha kuijua sheria ya kwao. Shahada ya kwanza ichukuliwe Dar es Salaam, Mzumbe au Mtakatifu Agustino Mwanza, kwa ada ambayo mkulima anaweza kuitaja bila kuhema, na Bodi ya Mikopo ipo kwa mwenye sifa. Kisha kijana afanye kazi, hata kama ni ya kuandika wosia na mikataba ya pango pale Tabora mjini. Ndipo aombe shahada ya pili, ambayo Uingereza ni ya mwaka mmoja tu, na ndiko misaada ya masomo iliko. Chevening, unaolipiwa na serikali ya Uingereza, hubeba ada, nauli na posho, na humtaka mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili na arudi nyumbani angalau kwa miaka miwili. Kuna pia misaada ya Jumuiya ya Madola. Maombi ya Chevening kwa kawaida hufunguliwa Agosti.

Watasema wengine kwamba kumzuia kijana wa mkulima asiende ni kuwaachia ng'ambo watoto wa wakubwa. Hoja hiyo ina uzito, na mkulima mkubwa asiye na deni, anayeweza kupoteza milioni 300 bila msimu wake kuyumba, na afanye apendavyo. Wengi hawako hivyo. Kwa wengi, ada ya mwaka wa kwanza italipwa, ya pili italipwa kwa kuuza trekta, na ya tatu itamkuta kijana amesimamishwa masomo, akifanya kazi saa 20 kwa wiki ambazo viza yake inamruhusu wakati wa muhula, nazo hazitoshi hata pango.

Dirisha la udahili wa vyuo vya ndani hufunguliwa Julai hiyo hiyo, wakati mizani bado iko ghalani na malipo ya awamu ya mwisho hayajaingia.