Kakundakari wa Kivu na ubishi wa Gatsata

Lori likishushwa injini pale Gatsata, dereva hana pa kwenda na utingo wake pia, basi maneno huanza. Ubishi mmoja unarudi kila mara katika gereji zile: je, kwenye misitu ya Walikale na Shabunda kuna mnyama mwenye umbo la mtu, anayetembea kwa miguu miwili na kuota manyoya mwili mzima, ambaye wataalamu hawajamwandika katika vitabu vyao? Wanaotoka Kongo humwita kakundakari. Aliye mkubwa zaidi humwita kikomba. Waliorejea kutoka Kampala na Dar es Salaam hucheka. Waliorejea kutoka Masisi na Bukavu hawacheki.

Mimi nimekulia upande ule wa ziwa, na jina hilo nililisikia utotoni, tulipotishwa nalo ili tusichelewe kurudi na kuni. Hata hivyo sina nia ya kuwatetea wenzangu bure, wala ya kuwacheka. Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana.

Wanaocheka wanasahau kwamba wamekaa katika nchi ambayo utajiri wake wa utalii ulitokana na mnyama wa aina hiyo hiyo. Hadi mwaka 1902 hakuna mtaalamu wa Ulaya aliyejua kwamba kuna sokwe wakubwa juu ya volkano zetu. Oktoba mwaka huo, Kapteni Robert von Beringe wa jeshi la Wajerumani, aliyekuwa safarini kutoka Usumbura, alipanda Sabyinyo na kuwapiga risasi wawili. Mmoja alipatikana, mifupa yake ikapelekwa Berlin, na mwaka uliofuata mnyama akapewa jina la huyo kapteni. Wenyeji walikuwa na jina lao, ingagi, kabla babu yake Beringe hajazaliwa. Leo mgeni hulipa dola 1,500 kukaa na hao ingagi saa moja tu.

Na tusidhani mambo hayo yalikwisha zamani. Mwaka 2003, watafiti wa shirika la WCS walikuwa wakiwahoji wawindaji wa Kinyakyusa kuhusu wanyama wa mlima Rungwe, kusini mwa Tanzania. Wakatajiwa kipunji. Wanyakyusa wana masimulizi ya wanyama wa kweli na ya wanyama wa mizimu pia, kwa hiyo watafiti hawakujua wamweke fungu gani. Mwishoni mwa mwaka huo wakamwona kwa macho yao: kima mkubwa mwenye nywele zilizosimama kichwani. Mwaka 2004 mtafiti mwingine akamwona huyo huyo Ndundulu, katika milima ya Udzungwa, mamia ya kilomita kutoka Rungwe. Ilipofika 2006, baada ya mmoja kukutwa amekufa kwenye mtego wa mkulima, wataalamu waliamua kwamba ni wa jenasi mpya kabisa. Afrika ilikuwa haijapata jenasi mpya ya kima tangu 1923.

Sasa niwageukie wenzangu wa Kivu.

Kisa kinachowafaa ni cha Bili, kaskazini mwa Kongo. Mwaka 1996 mpiga picha Mswisi aishiye Kenya, Karl Ammann, alikwenda huko kwa sababu ya mafuvu ya zamani yaliyohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, ambayo wakati mmoja yalihesabiwa kuwa ya aina ya gorila. Wawindaji wakamwambia kuna aina mbili: wale wanaopiga miti, na wale wakubwa wanaoua simba. Zilionekana nyayo kubwa mno, na viota vilivyotengenezwa chini ardhini, jambo ambalo sokomutu wa kawaida hulifanya kwa nadra. Magazeti ya dunia yakavuma: jitu la Kongo limepatikana! Kisha watafiti, akiwamo Cleve Hicks aliyekaa katika misitu hiyo tangu 2004, wakakusanya kinyesi na manyoya, yakapimwa vinasaba. Jibu likawa kwamba hao ni sokomutu wa mashariki, aina ile ile iliyopo Gombe na hapa kwetu Nyungwe. Wana tabia zao za pekee, hilo halikanushwi. Lakini si mnyama mpya.

Hilo la kinyesi ndilo ninalotaka ndugu zangu walishike. Sokwe hutengeneza kiota kipya karibu kila jioni. Hula, hunya, hunyonyoka manyoya, hufa na kuacha mifupa. Kundi la wanyama wakubwa haliwezi kuishi vizazi na vizazi bila kuacha chochote.

Kakundakari ameacha nini? Aliyemtangaza zaidi Ulaya ni Charles Cordier, Mswisi aliyekamata wanyama kwa ajili ya bustani za wanyama, na aliyeishi Kongo hadi miaka ya mwanzo ya 1960. Hakuwa mtu wa kubabaisha. Ndiye aliyewafikisha tausi wa Kongo New York mwaka 1949. Alieleza nyayo alizoziona, na akasimulia kwamba kakundakari mmoja alinaswa kwenye mtego wa ndege, akaketi, akajifungua kamba mguuni na kuondoka zake. Simulizi tamu! Lakini hakuleta mfupa wala ngozi, na tangu hapo hakuna aliyeleta.

Wafanyabiashara wa mpakani wanajua hili kuliko mtaalamu yeyote: kila chenye bei hufika sokoni. Bei ya koltani ilipopanda ghafla mwaka 2000, maelfu ya wachimbaji waliingia misituni, hata ndani ya hifadhi ya Kahuzi-Biega, wakaishi kwa nyama ya porini. Walikula tembo, wakala ngagi, wakala kila kitu. Kama kikomba angekuwapo kwa wingi, nyama yake iliyokaushwa ingekuwa imepimwa mizani siku nyingi. Kwa hiyo mimi nasema kakundakari, kama anavyosimuliwa, hayupo. Nikiletewa unywele wenye majibu ya maabara nitabadili neno langu siku hiyo hiyo.

Kuna wanaouliza, basi kuna ubaya gani watu wakiamini? Upo, tena wa namna mbili.

Wa kwanza ni huu. Baadhi ya masimulizi hayo yanasema juu ya viumbe wafupi wa msituni, nusu mtu nusu nyani. Sasa misitu hiyo ina wenyewe, Wambuti na Watwa, ambao ni watu kama mimi na wewe. Mwaka 1906 kijana wa Kongo, Ota Benga, aliwekwa hadharani katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, New York, watu wakilundikana kumtazama. Mwaka 1916 alijiua. Nchi hii inajua kuliko nyingine yoyote mahali ambapo kuwaita watu wanyama au wadudu hufikia. Msimulizi anayesema amemwona nusu mtu aulizwe kwanza kama aliyemwona hakuwa mtu mzima kabisa, aliyekuwa akitafuta asali yake.

Ubaya wa pili ni wa magunia. Desemba 2004, mtoto wa ngagi aliyepewa baadaye jina la Maisha alikamatwa hapa Rwanda mikononi mwa majangili. Agosti 2011, mwingine, Ihirwe, alikamatwa baada ya kuvushwa kutoka Kongo. Mtoto wa sokwe hapatikani kwa kubembelezwa. Mama huuawa, na mara nyingi wengine wa kundi wanaomtetea. Ngagi wa nyanda za Kongo walikadiriwa kuwa karibu 17,000 katikati ya miaka ya 1990. Makadirio ya 2021 yanasema kama 6,800. Tunapobishana juu ya mnyama ambaye hana hata jino moja la kuonyesha, huyu mwenye viota na kinyesi anakwisha.

Ndiyo maana nawaambia hasa wanaovuka bariyeri ndogo kati ya Goma na Gisenyi, na madereva wa njia ya Bukavu. Atakuja mtu na kikapu kilichofunikwa, aseme ndani yake mna kitoto cha kakundakari, mnyama asiyejulikana, kwa hiyo hakuna sheria inayomhusu. Msimsikilize. Kilichomo ni ngagi au sokomutu, na biashara ya kimataifa ya hao wote imekatazwa na mkataba wa CITES, ambao Rwanda na Kongo zote zimeukubali. Afisa wa forodha hatajali umekiita jina gani. Msikipokee, na polisi waambiwe mapema, kwa sababu vitoto hivyo vikikosa maziwa na joto la mama havichelewi kufa.