HELA YA MJERUMANI ISISUGULIWE KWA MCHANGA



Tunapolima mashamba yetu hapa Ikungi, jembe huweza kuibua kipande kidogo cha duara, cha kijani, kilicholiwa na kutu. Huenda ni fedha ya zamani.

Itazame kwanza. Ikiwa ina taji na maneno DEUTSCH OSTAFRIKA, ni fedha ya Wajerumani waliotawala nchi hii. Tangu mwaka 1904 rupia yao moja iligawanywa kuwa heller 100. Neno letu "hela" limetoka hapo.

Ikiwa ina herufi D.O.A., mwaka 1916, na herufi T chini yake, ilitengenezwa Tabora, katika karakana ya reli. Ilikuwa wakati wa vita. Meli za Waingereza zilifunga bahari na fedha kutoka Ujerumani hazikufika. Tabora walitengeneza pia rupia 15 za dhahabu, zenye picha ya tembo. Dhahabu hiyo ilitoka Sekenke, kwa jirani zetu wa Iramba.

Sasa tuisafishe. Iweke katika maji ya mvua, kwenye bakuli la plastiki, siku tatu. Badili maji kila siku. Toa udongo kwa kijiti laini na mswaki mkuukuu. Ikaushe kwa kitambaa. Usitumie mchanga, majivu, limau wala maji ya betri. Hivyo hula shaba pamoja na maandishi. Bwana mmoja aliniletea hela inayong'aa kama kioo, lakini mwaka hausomeki tena. Nani atainunua? Rangi ya kijani iliyoshika vizuri iache, haina ubaya. Ukijani wa unga ni sumu. Usitumie sufuria ya kupikia, na nawa mikono.

Wapo watu wanaopita wakisema hela hizi zina zebaki, au zina nguvu. Huomba mbuzi au fedha ya "kuzipima", kisha hawaonekani tena. Hazina zebaki. Ni shaba tu. Zile za heller moja zilitengenezwa kwa mamilioni, kwa hiyo bei yake ni ndogo. Mnunuzi wa kweli huja na fedha yake mwenyewe, haombi yako.

Ukipata ile ya tembo, usiiuze njiani. Waonyeshe kwanza watu wa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kuhifadhi mtama.