Tusiwaue Walinzi wa Mizizi

Mwaka 1855 kasisi mmoja wa Kiingereza, Miles Joseph Berkeley, aliyekuwa bingwa wa elimu ya kuvu, aliandika habari za vinundu alivyoviona katika mizizi ya matango yaliyooteshwa ndani ya nyumba ya vioo; na hata leo, ambapo vitalu nyumba vya nailoni vimeenea Kenya na Tanzania, maradhi hayo ya minyoo fundo hayajaacha kuwaandama wakulima wa mboga. Wala si ajabu, kwani humo udongo una joto na unyevu mwaka mzima, nyanya hufuatwa na nyanya, na jike mmoja hutaga mayai mamia kadhaa. Mkulima huona majani yakisinyaa adhuhuri ilhali amemwagilia asubuhi, akadhani ni kiu. Laiti angaling'oa shina moja, angaliikuta mizizi imevimba mafundo mafundo.

Akishatambua, aghalabu hukimbilia sumu. Kosa liko hapo, kwa kuwa sumu iuayo kila chenye uhai udongoni huwaua pia maadui wa minyoo, kisha minyoo waliosalimika chini zaidi hupanda juu wakakuta hapana wa kuwazuia.

Na maadui hao ni hodari. Yupo bakteria aitwaye Pasteuria penetrans, ambaye chembe zake hungoja udongoni hata mnyoo mchanga apite akitafuta mzizi, zikamganda ngozini. Naye akishaingia mzizini, bakteria humtoboa na kuzaana ndani ya mwili wake, hata jike huyo akaishi pasipo kutaga, amejaa chembe zipatazo milioni mbili, ambazo mzizi ukioza hurudi udongoni kuwavizia wengine. Kuvu iitwayo Purpureocillium lilacinum, ambayo watafiti nchini Peru waliikuta katika mayai ya minyoo hao mwaka 1979, hupenya ganda la yai na kula kilichomo. Na kuvu nyingine, Arthrobotrys oligospora, hufuma nyavu zenye ulimbo, mnyoo akinasa hatoki.

Wapo wasemao kwamba mambo haya ni ya maabara, hayamfai mkulima mdogo. Sikubaliani nao. Mwaka 1937, huko Hawaii, mtaalamu Linford alieleza jinsi majani ya mananasi yaliyokatwakatwa na kuchanganywa na udongo yalivyowachochea maadui wa minyoo kufanya kazi yao. Na samadi iliyooza na mboji hazikosekani vijijini kwetu. Ni haki basi bwana shamba amfundishe mkulima kulisha udongo wake misimu kadhaa mfululizo, na kung'oa na kuteketeza mizizi yenye mafundo mara baada ya mavuno, kabla hajamwandikia dawa yoyote. Kazi hii ni ya taratibu, na Pasteuria ni mchaguzi mno, kwani aliyezoea aina moja ya minyoo huenda asiishike nyingine. Walakini nguvu yake, ikishajengeka, hudumu miaka.

Fauka ya hayo, wauzaji wa kuvu hizi, zinazopatikana sasa madukani zikiwa katika hali ya unga au maji, wawajibike kumwambia mnunuzi waziwazi kwamba akimwagia shina dawa ya kuulia ukungu wiki ile ile, atakuwa ameiua kwa mkono wake kuvu aliyoinunua kwa fedha yake.