Nani Alishika Patasi?

Tulipotangaza kwamba toleo hili litahusu useremala wa Wahindu, baadhi ya wasomaji wetu wa Tarime na Mugumu walikuja juu: yanatuhusu nini sisi Wakurya, Wangoreme na Waikoma? Yanatuhusu sana.

Waongoza watalii wamezoea kuuita kila mlango wa nakshi wa Unguja "wa Kiarabu". Pita mitaa ya maduka ya Mji Mkongwe, uutazame ule wenye mbao nyembamba zinazokunjana, kila ubao umegawanywa vijumba vidogo vya mraba. Huo ni wa Kigujarati. Umetengenezwa hivyo ili mwenye duka akifungua asubuhi, upande wote wa mbele ubaki wazi. Ni kazi ya jadi ya Wasuthar, maseremala wa Kihindu wa Gujarat na Kutch wanaomwabudu Vishwakarma, mungu wa mafundi, na ambao huwa na siku ya kuweka chini misumeno na patasi ili zifanyiwe ibada. Ufundi wa Kihindi ulishamiri Unguja enzi za Sultani Barghash, 1870 hadi 1888. Barghash anajulikana kwa kila mtoto wa shule. Aliyechonga milango, nani anamjua?

Hapo ndipo ninapogombana na pande zote mbili za mjadala. Wanaong'ang'ania "ni ya Waarabu" na wanaojibu "ni ya Wahindi" wote wanagawana mali ya fundi bila kumtaja fundi mwenyewe, huku wakiwasahau maseremala Waswahili waliochonga milango hiyo hiyo.

Na sisi je? Iritungu la Wakurya lina nyuzi nane. Mpigaji wake anasifiwa harusini, anaalikwa redioni. Yule aliyechimba gogo hadi likawa bakuli, akalivika ngozi na kuivuta mpaka ikakaza, hatajwi popote. Tukilalamikia milango ya Unguja, tuanzie hapa.

Hapa sijawagusa maseremala Makalasinga wa Reli ya Uganda, iliyofika Kisumu mwaka 1901; ni watu wa jadi na dini nyingine, nao wana makala yao katika toleo hili. Makala ya viti vya kukereza vya Sankheda, Gujarat, nayo ni fupi na nzuri.

Kuanzia toleo lijalo, picha ya kiti, mlango au iritungu kutoka Tarime au Serengeti isiyo na jina la fundi wake hatutaichapisha.