Kamera Ilisimama Wapi?



Hivi majuzi tuliitwa katika sale ya kampuni moja kutazama sinema juu ya kazi yetu. Droni inaruka juu ya shimo, malori yanaonekana madogo kama siafu, miziki inapanda, halafu watu wane wenye kofia mpya wanacheka. Hakuna hata mmoja aliyeachiwa nafasi ya kumaliza maneno yake. Mzee mmoja aliyefanya kazi chini ya ardhi miaka mingi akatuambia polepole: "Ule mwenye kupiga hii sinema, hakushukaka chini hata siku moya."

Jina la mpiga sinema hatukuliona. Lakini mzee alimtambua, sawa vile tunavyomjua kapita wa usiku kwa namna alivyoacha kazi asubuhi. Kila mtengeneza sinema ana mkono wake. Ili kuujua, tuangalie vitu vitatu: kamera imesimama wapi, inakaa muda gani mbele ya mtu, na nani anayesema.

Tumchukue Thierry Michel, Mbelgiji wa upande wa Charleroi, inchi ya makaa na chuma. Wengi wetu tunamjua kwa "Katanga Business" ya mwaka 2009. Mkono wake ni mpana. Anapita kwa gavana, kwa mapatron, kwa wachimbaji wa mikono, anawaweka wote katika sinema moja. Katika "Congo River" kamera inapanda mpaka angani ili tuone ukubwa wa mto. Faida yake ni kwamba unaona nani amekaa juu ya nani. Lakini ukitazama vizuri, namna ya kueleza mambo ni yake, si yetu.

Mwingine ni Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani. Huyu anabeba kamera yeye mwenyewe na hakuna sauti ya kueleza. Katika "En route pour le milliard", ya mwaka 2020, anafuatana na watu walioumizwa katika vita ya siku sita ya Kisangani, mwezi wa sita mwaka 2000. Wengine walikatwa miguu. Wanapanda boti mpaka Kinshasa kudai malipo yao, na kamera iko kati yao, ndani ya boti ile ile. Mtu akinyamaza, kamera inangoja. Ukiona dakika tano tu, unajua ni Hamadi.

Hata kule Ubelgiji wachimbaji walipata macho ya namna hiyo. Mwaka 1933, kisha mgomo mkubwa wa makaa, Henri Storck na Joris Ivens walitengeneza "Misère au Borinage". Waliingia ndani ya nyumba. Tunaona majirani wanakaa juu ya viti na vitanda vya mwenzao, ili mtu wa tribinali asipate cha kubeba. Kitu kama hicho droni haiwezi kukiona.

Juu ya nini sendika inasema habari za sinema, na mishahara ingali matata? Ni hivi: katika wale wane wanaocheka, mmoja kontrata yake ilikatwa miezi miwili mbele ya siku ile. Mke wake aliona sinema kwenye telefone ya jirani, akatuuliza: "Kama bado banamuonyesha, juu ya nini habamulipe?" Hatukuwa na jibu. Wanunuzi wa shaba na kobalti watakaotazama sinema ile huko mbali wataamini kwamba mtu huyo yuko kazini na roho yake imetulia.

Hatukatai kamera. Tunaomba mambo mane. Anayekuja kutupiga ashuke pale tunapofanya kazi. Mtu akianza kusema, aachwe amalize. Kabla sinema haijatoka, walioonyeshwa ndani waitazame, na delege wao awepo. Na aliyefukuzwa, sura yake itolewe, ao alipwe juu yake.

Na ninyi vijana, telefone iko mkononi mwenu, kwa hiyo ninyi pia ni wapiga sinema. Siku moja ukuta wa karière ukianguka, msisimame mbali juu ya kilima mkipiga vumbi tu. Kwanza saidieni watu. Halafu, pahali pasipo hatari, mkaribie mtu, mmuulize jina lake, mngoje ajibu mpaka mwisho. Hapo hata kisha miaka mingi, atakayetazama atajua kwamba aliyeshika telefone ile alikuwa mmoja wetu.